Soma Maji Kabla ya Kushika Mche wa Mkoko

Kila anayefanya kazi ya mikoko pwani ya Afrika Mashariki anaijua picha hii. Fulana mpya, bango, watu mia wamezama kwenye tope hadi magotini, kila mmoja na mbegu ya mkoko mkononi, na maji yamekupwa mbali kabisa. Mbegu 5,000 zinaingia ardhini asubuhi moja. Miezi sita baadaye hakuna anayerudi na kamera, maana pale pamebaki tope tupu na vijiti vyeusi visivyo na jani.

Sababu ni ileile karibu kila mara. Eneo linalochaguliwa ni lile lililo wazi, linalofikika kwa gari, lisilo na shamba la mtu wala ugomvi wa mpaka. Hakuna anayejiuliza kwa nini liko wazi. Kama ufuko umekaa miaka hamsini mbele ya msitu wa mikoko, mbegu zikielea juu yake kila msimu bila hata moja kushika, basi bahari imeshajibu. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, Sri Lanka ilipanda mikoko kwa kasi kubwa ili kujikinga. Watafiti walipokuja kukagua maeneo 23 yaliyopandwa, walikuta 9 hayana hata mche mmoja ulio hai. Ufilipino nayo imepoteza miche mingi kwa kosa hilohilo la kupanda kwenye tope la chini na juu ya majani ya bahari.

Tuanze na kinga yenyewe, kwa sababu ndiyo inayowafanya watu wapande. Mawimbi ya upepo yakipita kwenye mikoko yenye upana wa mita 100, kimo chake hupungua kati ya asilimia 13 na 66. Tofauti hiyo kubwa ina maana yake. Maji yakiwa ya kiasi, wimbi hugonga mizizi ya mkoko wenyewe iliyosimama kama nguzo, na mizizi ya kupumulia ya mchu, aina nyingine ya mikoko, likavunjika. Maji yakipanda yakaivuka mizizi na kubaki kwenye shina tupu, wimbi hupita kirahisi zaidi, mpaka yafike kwenye matawi na majani ndipo ukinzani urudi. Kwa hiyo msitu wenye miti ya umri na aina mbalimbali, mifupi kwa mirefu, unakinga kuliko shamba la miti ya rika moja iliyopangwa kwa mistari.

Bahari inayofurika kwa dhoruba ni jambo jingine. Hilo si wimbi la kuvunjika, ni maji yenyewe yanayopanda na kusukumwa nchi kavu kwa saa nyingi, na mikoko huyapunguza kati ya sentimita 5 na 50 kwa kila kilomita moja ya upana wa msitu. Kijiji chenye mstari wa mikoko wa mita 40 kisidanganywe kwamba kimekingwa na kimbunga. Kimekingwa na mawimbi ya kusi yanayokula ukingo mwaka hadi mwaka, na hilo si dogo. Kwa kimbunga bado panahitajika tahadhari ya mapema na njia ya kukimbilia mahali pa juu. Na wanaosema pwani yetu haina vimbunga, Lindi ilipigwa Aprili 1952 na watu wakafa, na kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, kwa bahati kikiwa kimeshadhoofika.

Mikoko pia haifanyi kazi peke yake. Mwamba wa matumbawe ulio mbele hupunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97 kabla hayajafika ufukoni. Mahali mwamba umevunjwa kwa mabomu ya kuvulia samaki au kuchimbwa kwa ajili ya chokaa, miche iliyo nyuma yake hupokea bahari ambayo haikuumbiwa. Kabla ya kulaumu miche, ulizeni mwamba una hali gani.

Sasa kusoma maji. Mikoko huishi katika ukanda mwembamba, kuanzia takriban usawa wa wastani wa bahari hadi pale bamvua kubwa, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, inapogusa. Ndani ya ukanda huo kila mti una daraja lake. Mlilana ndio unaokaa mbele kabisa, ukivumilia kufunikwa karibu kila maji yanapojaa. Nyuma yake unakuja mkoko, kisha muia, kisha mkandaa, na juu kabisa kikandaa na mchu wa nchi kavu, ambao hufikiwa na maji siku za bamvua tu. Mchu una tabia yake: unaweza kuukuta mbele karibu na mlilana na pia nyuma kabisa kwenye chumvi, mfupi na mgumu. Mkomafi na msikundazi hupenda mahali maji ya mto yanapochanganyika na ya bahari, kama ilivyo katika delta ya Rufiji.

Chombo cha kupimia si ghali. Chukueni mpira mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga, ule mafundi ujenzi wanaotumia kupata levo, urefu wa mita 20. Ujazeni maji hadi mapovu yote ya hewa yatoke. Povu moja tu likibaki katikati, vipimo vyote vitakuwa vya uongo, na hili ndilo kosa tunaloliona zaidi ya mengine. Tafuteni msitu mzima ulio karibu, katika hori (mkono wa bahari) lilelile, unaopigwa na upepo uleule. Ndani yake tafuteni miche midogo iliyojiotea yenyewe, isiwe miti mikubwa, kwa kuwa mti mkubwa huenda uliota wakati ardhi ilikuwa juu zaidi. Pigeni kigingi pale mche wa chini kabisa ulipo, na kingine pale wa juu kabisa ulipo. Kisha mmoja asimame kwenye kigingi, ncha moja ya mpira akiifunga kwenye fimbo iliyowekwa alama za sentimita, na mwenzake aende na ncha ya pili kuelekea eneo linalotakiwa kupandwa. Maji kwenye ncha zote mbili yatakaa usawa mmoja. Kila mmoja asome maji yako sentimita ngapi juu ya ardhi yake, na tofauti ya namba hizo mbili ndiyo tofauti ya ardhi. Mkienda kwa hatua, mita 20 baada ya mita 20, mtafika popote.

Eneo likiwa chini ya kigingi cha chini, liacheni. Watu hubisha hapa: sentimita 20 ni nini? Kwenye ufuko unaoteremka mita 1 kwa kila mita 100, sentimita 20 za kwenda chini ni mita 20 za kuingia baharini, na kila siku miche ya huko hukaa ndani ya maji muda mrefu kuliko wenzake. Mche hauzami kwa siku moja. Hufunikwa na tope, hupata mwani, hukosa hewa, na hufa taratibu katika miezi mitatu, wakati waliopanda wameshaandika ripoti.

Kama hakuna msitu wa kulinganisha, tumieni chupa. Simamisheni mti wa mita 2, fungeni chupa ndogo zilizo wazi mdomo kila sentimita 10 kuanzia ardhini, siku isiyo na mvua, kisha subirini maji yajae na kupwa. Chupa ya juu kabisa iliyojaa maji ya chumvi ndiyo inayosema bahari ilifika wapi. Rudieni siku za maji mafu, yanapopanda kidogo tu, na siku za bamvua, mlinganishe na jedwali la maji la bandari iliyo karibu. Mkiwa na siku kumi na nne za vipimo, mmeshaona mzunguko mzima wa mwezi mdogo hadi mwezi mpevu, na hapo mtajua eneo hufunikwa mara ngapi. Wavuvi wa zamani watawaambia mengi ya haya bila chupa, ila wao huzungumza kwa siku za mwezi, kwa hiyo ulizeni kwa lugha hiyo.

Mara nyingi mkishamaliza kupima mtakuta kwamba ardhi ina usawa mzuri na bado haina miti. Hapo tatizo ni njia ya maji. Barabara iliyokatiza hori bila kalvati, tuta la shamba la chumvi lililoachwa, bwawa la kufugia kamba lililokufa, vyote hufanya mambo mawili. Upande mmoja maji hayaingii, ardhi hukauka, chumvi hupanda juu na kuganda kama unga. Upande mwingine maji yakiingia hayatoki, mizizi ya kupumulia ya mchu inakaa ndani ya maji yaliyotuama, na mti mzima wa miaka thelathini unakufa ukiwa umesimama. Kupanda mche mahali kama hapo ni kumzika mtoto alipofia mzazi.

Dawa ni kukata tuta, na hapa mkono usiwe na pupa. Tafuteni njia ya zamani ya mkondo. Huonekana kwenye picha za angani za miaka ya nyuma, na wazee wanaikumbuka. Fungueni hapo, si mahali palipo rahisi kuchimba. Mfereji ulionyooka na mpana kupita kiasi huyakimbiza maji, ukaanza kula kingo zake na kulitoa tope mlilotaka libaki. Anzeni na mlango mmoja mwembamba, subirini bamvua mbili, angalieni maji yanakwenda wapi, ndipo mpanue. Udongo mlioutoa usirundikwe kando ya mfereji, maana hilo ni tuta jipya. Usambazeni, au zibeni nao shimo lililo chini mno. Mwanabiolojia wa Marekani Robin Lewis, aliyefanya kazi hii Florida kwa miongo kadhaa, alisisitiza kwamba mikoko hujirudisha yenyewe ndani ya miaka 15 hadi 30 ikiwa maji yanaingia na kutoka kama kawaida na mbegu zinafika. Kwa hiyo swali la pili baada ya maji ni mbegu. Subirini msimu mmoja, muone bahari inaleta nini. Ikileta, kazi ya kupanda imepungua.

Isipoleta, ndipo mkono wa mtu unahitajika. Mkoko ndio rahisi kuliko yote, na urahisi wake umetuponza, kwa sababu watu huupanda kila mahali, hata mstari wa mbele ambao kwa asili ni wa mlilana. Mbegu yake huanza kuota ikiwa bado mtini, ikaning'inia kijani na ndefu kama mchi mwembamba. Iliyokomaa ina pete ya rangi ya manjano pale inapoungana na tunda, na ukiizungusha kidogo inaachia bila kulazimishwa. Isiyo na pete ikivunwa kwa nguvu huoza. Angalieni kama ina vitobo vidogo kama vya sindano, hao ni wadudu wameshaingia, itupeni. Zilizovunwa zikae kivulini chini ya gunia bichi, na zipandwe ndani ya siku chache. Zisifungwe kwenye mfuko wa plastiki juani, zitapikika.

Ncha kali inaingia chini. Inashangaza ni mara ngapi mbegu hupandwa kichwa chini miguu juu siku ya watu wengi. Zamisheni theluthi moja tu. Ikizamishwa zaidi ya nusu, shina linaoza kabla ya kutoa majani. Ikizamishwa kidogo, bamvua ya kwanza inaing'oa. Nafasi ya mita 1 kwa mita 1 inahitaji mbegu 10,000 kwa hekta, na mita 2 kwa 2 inahitaji 2,500. Ongezeni sehemu ya tano ya kuziba mapengo. Mahali penye mawimbi kidogo, kupanda kwa vikundi vya miche iliyokaribiana husaidia kuliko mistari, kwa kuwa hukingana na hushika tope pamoja.

Mchu na mlilana ni kazi ya kitalu. Mbegu za mchu zilowekwe usiku mmoja kwenye maji ya chumvi iliyopungua hadi ganda livuke lenyewe, kisha zibonyezwe juu ya udongo bila kufukiwa. Mlilana una tunda la kijani lenye nyota ya majani magumu kichwani. Likilainika, liloweke takriban wiki moja mpaka nyama yake ioze, uioshe, na ndani utapata mbegu ndogo zaidi ya mia. Kitalu kikae mahali bamvua inapofika, ili bahari imwagilie yenyewe, na viriba (vifuko vya miche) vijazwe udongo wa hapohapo kwenye mikoko. Funikeni kwa makuti, na mwezi mmoja kabla ya kuhamisha muanze kuyapunguza kidogo kidogo. Mche uliolelewa kivulini na kupelekwa juani ghafla hubabuka majani siku ya tatu. Mlilana usiupeleke baharini ukiwa chini ya sentimita 30. Na hata ukifanya yote haya, mstari wa mbele ni mgumu. Gazi, Kwale, pwani ya Kenya, ambako ukataji mkubwa wa kuni za viwanda ulifanyika miaka ya 1970, mkoko ulipandwa ukashika kuanzia miaka ya 1990, lakini kuurudisha mlilana upande wa bahari kumegharimu majaribio mengi.

Mahali ukingo umeliwa hadi tope lenyewe limeondoka, hakuna mche utakaoshika mpaka tope lirudi. Demak, kaskazini mwa Java nchini Indonesia, wamejenga nyua za miti mistari miwili na kushindilia matawi katikati. Maji hupita, wimbi hupoa, na tope hutua nyuma ya uzio. Ukuta wa mawe hufanya kinyume: wimbi hugonga, hurudi, na kuchimba mguu wa ukuta wenyewe. Lakini nyua hizo huliwa na wadudu wa baharini wanaotoboa mbao za majahazi, zinahitaji ukarabati kila msimu, na Demak ardhi inadidimia kwa sababu ya kuvuta maji mengi ya visima. Uzio hauwezi kushindana na ardhi inayoshuka.

Baada ya kupanda, fedha nyingi huisha, na hapo ndipo miche hufa. Kila baada ya bamvua pitieni kuondoa majani ya bahari yaliyoinamisha miche, vipande vya nyavu na plastiki. Vile vigamba vya chokaa vinavyoganda chini ya ngalawa huganda pia kwenye shina changa na kulilemea. Vikiwa vingi kwenye miche yote, ujumbe wake ni kwamba mmepanda chini mno, na kuvikwangua ni kuahirisha tu. Kaa hukata miche laini, hasa ile ya upande wa nchi kavu, kwa hiyo pandeni hapo miche ya kitalu iliyokwisha kukomaa shina. Mbuzi wanapenda mchu. Elewaneni na wenye mbuzi kabla ya kupanda, kwa sababu uzio wa miba juu ya tope haudumu. Hesabuni walio hai mwezi wa 1, wa 3, wa 6 na wa 12, kwenye vipande vya mita 10 kwa 10 vilivyowekwa alama tangu siku ya kwanza. Msichague vipande vizuri. Kipande kilichokufa mara mbili kisipandwe mara ya tatu mpaka sababu ijulikane.

Adui mwingine anatoka juu. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi hadi hori la Mwache, nyuma ya Mombasa, ukafukia mizizi ya mikoko na kuua eneo kubwa. Miti ile haikuuawa kwa shoka. Iliuawa na mashamba ya vilimani yasiyo na matuta. Na kinyume chake pia ni hatari: mto ukiwekewa mabwawa, kama Tana nchini Kenya tangu bwawa la Masinga likamilike mwaka 1981, sehemu ya tope hubaki nyuma ya ukuta, na delta inayolishwa na tope hilo hukosa cha kujijengea wakati bahari inapanda.

Mwisho kuna kuni na boriti. Nyumba za pwani zimejengwa kwa mapau na boriti za mikoko tangu enzi za majahazi ya Lamu, na kumwambia mtu asikate bila kumpa mti mwingine ni kumfundisha kukata usiku. Gazi na Makongeni, kupitia mradi wao wa kijamii wa Mikoko Pamoja, walipanda mvinje kwa ajili ya mahitaji hayo, na tangu 2013 wanauza kaboni ya hekta 117 za mikoko, yaani hulipwa kwa hewa ukaa ambayo msitu umeihifadhi, fedha zikienda kwenye maji na shule. Vanga, Jimbo na Kiwegu wamefuata njia hiyo kwa hekta 460. Mvinje upandwe nchi kavu, nyuma ya mikoko, usije ukashindana nayo, na uanze angalau miaka minne kabla hamjategemea boriti zake.

Mkishapita mwaka wa tatu, achaneni kwanza na urefu wa mikoko mliyoipanda. Angalieni chini yake. Mkiona mashimo ya kaa yameongezeka, na katikati ya mikoko yenu kumeota mchu na muia ambao hakuna aliyeupanda, wekeni majembe chini. Kazi iliyobaki ni ya maji.